Mwaka Niliotazama Miguu ya Watu

Goti jipya la Inès halijamaliza hata mwezi, na tayari analisema vibaya kama mpangaji aliyeingia nyumbani kwake bila kubisha hodi. Nilikwenda kumwona Jumanne iliyopita hospitalini, katika chumba cha wagonjwa wawili, nikiwa nimembebea sombe, majani ya muhogo tunavyoyapika kwetu, ndani ya kopo la aiskrimu, kwa sababu chakula cha pale hakimpandi. Alikula yote, akamalizia kwa kupangusa kopo na mkate, huku bibi wa kitanda cha pili akitutazama na kunusa. Kisha akaja kijana wa mazoezi ya viungo, mwenye viatu vya kijani, akamwomba akunje goti, na Inès akamjibu kwa upole kabisa kwamba yeye alianza kukunja magoti kabla mama yake kijana hajazaliwa. Akalikunja. Nikajikuta nimeinamisha kichwa na kutega sikio. Inès akaniona, akacheka, akamwambia kijana: "Huyu husikiliza miguu yangu. Ni ugonjwa wake." Kijana akauliza ugonjwa huo ulianza lini. Nilifungua mdomo nimjibu, nikaona hadithi ni ndefu kuliko saa za kutembelea wagonjwa. Njiani kurudi, ndani ya metro, nikang'amua kwamba sijawahi kumsimulia mtu yeyote mwaka ule, hata wanangu, ambao wanajua tu kwamba mama yao alikuwa akipiga piano mahali fulani Anderlecht.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikaa Saint-Gilles kwa Tantine Béatrice, ghorofa ya pili ya nyumba ndefu ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, si mbali na kituo cha treni cha Gare du Midi. Ngazi zilikuwa za mbao na zilisema kila kitu: nani anapanda, amebeba nini, amekasirika au la. Sebule yetu ilikuwa pia stoo ya kanisa. Katikati ya makochi na televisheni palikuwa na ngoma, spika na kinanda cha umeme, kwa kuwa ukumbi tuliokodi kwa ibada haukuwa na mahali pa kufungia vitu, na mpiga kinanda wa kanisa nilikuwa mimi. Alfajiri nilisafisha ofisi, kazi niliyoichukia kwa moyo wangu wote, hasa harufu ya kapeti iliyolala na mazungumzo ya jana. Nikirudi nililala kidogo, kisha nikakaa kwenye kinanda bila viatu mpaka Tantine arudi kutoka Galerie d'Ixelles, alikokuwa akisuka nywele, vidole vimekakamaa na habari za mtaa mzima wa Matonge mdomoni. Siku moja ya Septemba, katikati ya wimbo, nikasikia hatua zikipanda kutoka chini na kusimama mlangoni petu. Nikajua ni malalamiko ya kelele, nikafungua nikiwa nimeshatayarisha pardon yangu. Alikuwa jirani wa chini, Inès, Mreno mwembamba mwenye shingo ndefu, nywele amezibana kwa penseli. Akaniuliza kama ni mimi ninayepiga. Nikasema ndiyo, madame, samahani. "Samahani ya nini?" akasema. "Unaweza kupiga bila karatasi?" Nikamwambia kwamba mimi na karatasi hatujawahi kukutana.

Inès alikuwa mcheza baleti. Mimi nilidhani baleti ni kitu cha kwenye kasha la saa na kalenda, sikujua ina majirani. Kundi lao lilizunguka miji midogo yenye kumbi nzuri na watu wachache, majira ya baridi wakicheza baleti za zamani, zile za sketi za wavu, na kuanzia machipuko wakicheza kazi mpya wakiwa wamevaa soksi. Na kila asubuhi, kabla ya kingine chochote, wote walifanya darasa, bingwa na mgeni pamoja, hatua zilezile za kuanzia, mpaka siku mtu atakapoacha dansi. Darasa hilo hupigiwa piano, na mpiga piano wao alikuwa amehama mji. Nilipomweleza Tantine jioni ile, tukiwa jikoni yeye akisonga bugali na mimi nikichambua miba ya makayabu, samaki wa chumvi, alisimamisha mwiko.

"Bale ba ma-collants?" akauliza, akijipapasa mapaja kuonyesha soksi ndefu za kubana. "Banaume na banamuke, bote?"

"Bote, Tantine."

"Na weye utakuwa unawaangalia?"

"Niko napiga piano tu."

Alifikiri kidogo, akaendelea kusonga. "Bon. Kama iko kazi ya mikono, iko kazi. Lakini Papa Pasteur asiisikie mu kinywa ya bantu bengine. Utamwambia weye mwenyewe, donc kesho." Nikamwambia, na mchungaji wetu, ambaye alikuwa mtu mwepesi wa kucheka, akauliza swali moja tu, kama Jumapili wanacheza. Hawakucheza Jumapili asubuhi. Basi akanibariki.

Darasa lilifanyika Anderlecht, katika ghala lililokuwa la magodoro zamani, kituo kimoja na mwendo mfupi wa miguu kutoka mwisho wa ujuzi wangu wa mji. Nilitarajia kukuta watu wa kalenda. Nilikuta watu waliovaa kama wamekuja kupaka nyumba rangi: sweta zenye matundu, suruali zilizokatwa, soksi za sufu zilizokunjwa hadi mapajani, na mmoja amejifunga mfuko wa plastiki kiunoni ili apate joto. Walilala sakafuni ovyo ovyo wakinyoosha miguu mpaka kwenye masikio huku wakizungumzia bei ya vyumba. Pembeni ilikuwepo piano ya kahawia yenye alama za vikombe, na juu yake nikaona mashine mpya ya kuchezea CD, inang'aa, haijatolewa hata nailoni yake. Mwalimu wao, Monsieur Lucien, mzee aliyenyooka kama mlingoti, mwenye skafu shingoni hata wakati wa joto, alinisalimu kwa mkono na kunieleza bila kuzunguka. Mkurugenzi alikuwa amenunua mashine ile. Alitaka kujua kama kundi linaweza kuishi bila mpiga piano. Mwezi wa Juni, mwisho wa msimu, angekuja kukaa darasani, asikilize mashine, anisikilize mimi, kisha aamue. "Mpaka wakati huo, mademoiselle, kiti ni chako," akasema. Nilikitazama kile kiti, kigoda cha duara kilichochanika ngozi, na nikakitaka papo hapo, kuliko nilivyowahi kutaka kitu katika mji huu. Nikikikosa, nilikuwa narudi kwenye kapeti.

Sasa nieleze jinsi kazi ile inavyofanyika, maana mpaka leo inanishangaza. Mwalimu hasemi wimbo gani. Anasimama mbele, anaonyesha zoezi kwa viganja badala ya miguu, kiganja kimoja kikigeuka na kingine kikipanda, huku akiguna kitu kama ya-pa, di-na, na wachezaji wanamtazama nao wakichezesha viganja, chumba kizima kama watu wanaokaushia mikono hewani. Halafu anakugeukia, anasema "et", yaani haya, na hapohapo inabidi uwe na muziki wa kulingana na yale yote. Asubuhi ile ya kwanza alionyesha zoezi la kwanza, la kukunja magoti taratibu huku wameshika upau wa ukutani. Nikachukua wimbo wa polepole tuliouimba kwetu Bukavu, nikauvua maneno, nikaupiga. Ulikaa vizuri sana. Wakakunja, wakanyooka, wakainama mbele, wakainama nyuma. Nikafurahi, nikaendelea. Wakafika mwisho wa zoezi na mimi nikaendelea, kwa sababu kanisani mpiga kinanda hakati wimbo watu wakiwa bado wanacheza. Hiyo ni dharau, ni kama kumwondolea mtu sahani. Nao wakaanza tena tangu mwanzo, kwa sababu, kama nilivyojua baadaye, mcheza baleti haachi kucheza muziki ukiwa bado unalia. Hiyo kwao ndiyo dharau. Basi tukaheshimiana. Wao walinisubiri mimi, mimi niliwasubiri wao. Mapaja yakaanza kutetemeka, jasho likadondoka, kijana mmoja akauma mdomo, na mimi nikajisemea, watu hawa wana ari, nikawaongezea ubeti. Monsieur Lucien alikuwa amekunja mikono dirishani. Aliniambia baadaye kwamba alitamani tu kujua nani angesalimu amri kwanza. Mwishowe Inès akaangua kicheko, akauachia upau, chumba chote kikaanguka sakafuni kwa kucheka, na mimi nikabaki mikono hewani, sijui nimefanya nini.

Nilijifunza kukata. Nilijifunza pia kwamba zoezi moja linataka muziki wa kuyeyuka, lingine wa kugonga kama mtu anayepiga rungu la kufulia, na kwamba ubeti wa utangulizi ni kama kumwambia mtu shika hapa kabla hujamvuta. Hazina yangu yote ilikuwa nyimbo za kwaya, nikizipunguza, nikizikimbiza, nikizigeuza za hesabu ya tatu. Hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Monsieur Lucien alipenda mmoja kuliko zote, akauita ule mzuri wa asubuhi, na karibu kila siku aliuomba kwa zoezi la magoti. Siku moja nilisahau chakula, na Tantine, ambaye hakuwa na mteja kabla ya saa sita, akaniletea. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, mkoba mapajani, macho yamemtoka. Nilipoanza ule mzuri wa asubuhi nikamwona anaweka mkono kifuani. Zoezi lilipokwisha alinikaribia, akaniita jina kwa mnong'ono uliosikika hadi barabarani.

"Furaha! Hii si wimbo ya kilio? Hii njo tuliimba ku matanga ya maman Jeanne!"

"Ndiyo, Tantine. Lakini iko polepole, inawafaa."

"Yesu wangu. Bantu bote habo banakunja magoti, habajue kama banazika muntu." Akacheka mpaka akatoa leso. Monsieur Lucien akataka kujua mama anasema nini, nikamwambia anasifu muziki. Tantine alibaki mpaka mwisho wa darasa. Jioni, akila, alisema kuwa yule mwanaume mrefu wa darasani ana mgongo mzuri wa kubeba maji, na kwamba Maman Inès anachechemea kidogo, sivyo?

Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu kabla sijaanza kazi, kwa sababu ya ngazi. Inès alipopanda, mguu mmoja ulitua na mwingine ukachelewa, kidogo tu, kama mtu anayefikiria jambo kabla ya kulisema. Darasani haikuonekana kabisa. Alikuwa mkubwa wao kwa umri, na alipovuka chumba watu wote waliacha kuzungumza. Jumamosi fulani ya baridi aliniita kwake kwa supu ya kabichi na soseji. Jikoni kwake kulikuwa kudogo kiasi kwamba aliyekaa karibu na dirisha alifungulia wengine friji. Alikula mguu ukiwa juu ya kiti, juu ya goti mfuko wa njegere zilizoganda, na alipoona naangalia akasema ni uchovu wa safari tu.

"Mguu wa kushoto unachelewa," nikasema. "Ngazini. Toka Septemba."

Aliweka kijiko chini. Nilidhani amekasirika, lakini alikuwa akinitazama kwa udadisi, jinsi ambavyo mimi mwenyewe huwa nawatazama watu. "Unasikia hilo?" akauliza. "Na darasani unasikia nini?" Nikamwambia darasani sisikii kitu, nasikia piano yangu. Akachukua kijiko tena. "Basi Lucien hasikii pia. Usimwambie. Nataka msimu mmoja zaidi. Mmoja tu, niuchague mimi wa mwisho, usichaguliwe na goti." Nilimwahidi. Na tangu siku hiyo, nikikaa kwenye kile kigoda, macho yangu hayakutoka kwenye miguu yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu kazi bila kujua. Kanisani kwetu mpiga kinanda huangalia akina mama. Wakati wa sifa wanacheza kwa nguvu, leso juu, vitenge vinafunguka na kufungwa tena, na ukiona wale wa umri wa Tantine wameanza kushika viuno, unashusha mwendo kidogo kidogo bila mtu kutambua, mpaka mmeingia kwenye kuabudu na kila mmoja amesimama anayumba tu, anapumua. Hakuna aliyenifundisha, mikono yenyewe inajua. Darasani mikono ilianza kufanya vilevile. Monsieur Lucien alitoa kasi kwa kudata vidole, mimi nikaanza hapo hapo alipotaka, na baada ya beti mbili tulikuwa tumeshuka. Alinisimamisha mara ya kwanza kwa upole, mara ya tatu kwa ukali. "Unawatazama sana," aliniambia karibu na mashine ya kahawa. "Ukiwatazama utawahurumia, na mwezi wa Juni ile mashine haitamhurumia mtu. Itashika kasi moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Unanielewa?" Nilielewa vizuri sana, unga wangu ulikuwa unaelekea kumwagika. Nikajaribu kupiga nikiangalia ukuta. Nikajaribu kufumba macho. Nilikuwa nikitoka darasani nimechoka kuliko wao.

Machipuko akaja mwanamke kutoka Ghent kuwatungia kazi mpya. Nilimtazamia sana, nikidhani nitampigia, lakini alitaka kazi isiyo na muziki hata chembe. "Baki lakini," akaniambia, "chumba kisichokuwa na mpiga piano hakina adabu." Basi mchana, darasa likiisha, nilikaa kwenye kigoda changu, mikono mapajani, nikiwaangalia wanavyocheza kimya kwa kusikilizana pumzi. Wiki ile ya kwanza nilijifunza zaidi ya miezi yote iliyotangulia. Piano ilikuwa imenifunika masikio. Kumbe kila mmoja ana mlio wake wa kutua: yule mwanaume mrefu alitua kama gunia la mchele lililowekwa na mtu mwangalifu, wasichana wawili wadogo hawakusikika kabisa, na Inès alitua na sauti mbili, ya kwanza laini, ya pili kavu. Nilirudi nyumbani nikimweleza Tantine milio ya watu jinsi wengine wanavyoeleza sura zao. Aliniambia, "Weye, bazungu bamekupoteza kabisa," lakini aliniomba nimwigizie wote, mmoja mmoja, juu ya sakafu ya jikoni.

Mkurugenzi alikuja Juni, asubuhi ya mvua, na koti lake akalitundika juu ya upau, jambo ambalo hakuna mchezaji angelifanya. Alikuwa mtu mzuri, nataka nieleweke, mwenye macho ya mtu aliyekaa sana na barua za serikali. Nusu ya kwanza ya darasa ilikuwa ya mashine. Nilikaa kwenye benchi la Tantine nikijikaza kisabuni. Nilikuwa nimewaombea wakosee, Mungu anisamehe, na hawakukosea. Muziki ulitoka safi, wakacheza safi, zoezi likaisha na muziki ukaisha. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyechelewa. Mkurugenzi alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonja mchuzi na kuukuta hauna kasoro. Kisha Monsieur Lucien akanyoosha mkono kuelekea piano, na mimi nikavuka chumba kile ambacho kilikuwa kimerefuka ghafla.

Tulikuwa tumefika kwenye miruko, ile inayovuka chumba kutoka kona hadi kona, wawili wawili. Monsieur Lucien akadata vidole, nikaikamata kasi, nikaanza wimbo mmoja wa sifa. Inès alikuwa wa kwanza pamoja na yule mwanaume mrefu. Walivuka, wakazunguka nyuma, wakajipanga tena. Awamu ya pili nilimsikia hata chini ya piano yangu: laini, kavu. Laini, kavu. Ile kavu ilikuwa imekuwa kavu zaidi. Nikatazama, ingawa nilikuwa nimejiapiza kutotazama, nikaona uso wake umenyooka na kuwa mweupe, na mikono yangu, Mungu wangu, mikono yangu ikashuka. Si sana. Ilishuka kama inavyoshuka kwa akina mama Jumapili. Nilijua ninachofanya na nilijua mkurugenzi amekaa karibu na dirisha, na sikuweza kujizuia. Nikasema moyoni, basi, pumzika, dada yangu, hata kama narudi kwenye kapeti.

Inès alisimama katikati ya chumba. Tangu ile asubuhi ya kwanza ya kicheko sikuwahi kuona mtu akisimama muziki unalia. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye piano, akaweka kiganja juu ya mbao, na jasho likadondokea kwenye vitufe. Nikaacha kupiga.

"Unafanya nini?" akaniuliza, bila kupunguza sauti.

"Nakupumzisha."

"Unaniua." Akavuta pumzi. "Furaha, ukienda polepole mimi inabidi niruke juu zaidi ili nikusubiri. Hewani hakuna kiti. Kila unapopunguza, nakaa juu muda mrefu na nashuka na uzito wote juu ya goti hili." Akaligonga goti kwa vidole, mbele ya wote, goti alilolificha msimu mzima. "Kama unataka kunisaidia, kimbia."

Mwaka mzima nilidhani ninamlaza mtu chini, kumbe nilikuwa nimemning'iniza. Akina mama wa kanisani wanacheza na ardhi, ukishusha mwendo ardhi inawapokea. Mrukaji hana ardhi mpaka umrudishie. Jambo jepesi kiasi hicho, na nilikuwa nimelitazama kila asubuhi. Niliona aibu, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, hamu kali ya kujaribu mara moja, sasa hivi, kabla hajatoka mtu. Nilimtazama Monsieur Lucien. Alikuwa akimtazama Inès, hasa goti lake, kwa uso wa mtu aliyepewa habari ambayo aliijua zamani. Hakudata vidole. Alirudi nyuma hatua moja tu.

Inès akarudi kwenye kona. Nikaanza, haraka kuliko kasi iliyokuwa imetolewa, haraka kuliko nilivyowahi kuupiga wimbo ule hata usiku wa mwaka mpya kwetu, na sikuwa natazama kumwonea huruma, nilikuwa natazama ni lini hasa mguu wake unataka sakafu. Nikampa. Akatua, nikampa tena. Sauti ya pili ikalainika. Haikutoweka, nisitie chumvi, lakini ililainika, na katikati ya chumba alikuwa anatabasamu kwa meno yote, yule mwanaume mrefu anahangaika kumfuata, na walipofika ukutani waliokuwa wanangoja walipiga sakafu kwa viganja. Mmoja wa wale wasichana wadogo akapaza sauti, "Na sisi hivyo hivyo!" Mwanaume mrefu, akihema, akasema hapana, kwake hiyo ni kasi ya panya, yeye ana miguu mirefu, yeye anataka polepole. Wakaanza kubishana hapo hapo, wote kwa pamoja, kila mmoja akidai wa kwake, kama akina mama mbele ya muuza samaki.

Mkurugenzi alikuwa amesimama. Rimoti ya mashine ilikuwa bado mkononi mwake, na alikuwa ameishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Alimuuliza Monsieur Lucien kasi sahihi ya zoezi hili basi ni ipi. Monsieur Lucien akafungua mdomo ajibu, mkono wake ukiwa tayari umepanda kudata vidole, halafu akaushusha. Akanigeukia mimi.

"Mademoiselle," akasema, "kwa kundi linalofuata?"

Walikuwa wamejipanga kwenye kona, wawili wawili, jasho likiwatoka, wananisubiri. Mkurugenzi akaiweka rimoti chini. Nilianza na yule wa mbele, nikaangalia miguu yake, kisha ya mwenzake, kisha ya waliokuwa nyuma yao, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeniambia nitazame ukuta.